Jina, Vazi na Mgao wa Mchele: Umoja wa Utamaduni na Ukosefu wa Usawa Visiwani Zanzibar, 1897–1957

Utangulizi

Sensa ya mwaka 1948 iliwahesabu watu 264,162 katika visiwa vya Unguja na Pemba. Katika kila watu 100, takriban 76 waliandikwa kuwa Waafrika, 17 Waarabu na 6 Waasia. Waliosalia walikuwa Wangazija, Wagoa, Wazungu na wengineo wachache. Mtu anayezisoma takwimu hizo bila kuijua jamii yenyewe anaweza kudhani kwamba zinahusu mataifa matatu yaliyokutana bandarini kwa bahati tu. Ukweli ni kwamba wengi mno wa wale 76 na wale 17 walizungumza Kiswahili kama lugha ya nyumbani, walifunga mwezi mmoja, walialikana arusini na kuzikana. Hata tofauti ya madhehebu, ya familia ya kisultani iliyofuata Uibadhi na wananchi wengi waliokuwa Wasuni wa Kishafii, haikuwahi kuwa chanzo kikubwa cha ugomvi. Ni nadra kupata katika Afrika ya Mashariki nchi iliyoingia katika siasa za kudai uhuru ikiwa na umoja wa lugha na dini wa kiwango hicho.

Hata hivyo, kabla ya miaka 16 kutimia tangu sensa hiyo, Zanzibar ilipita katika mapinduzi yaliyomwaga damu nyingi, na waliouawa waliuawa zaidi kwa sababu ya jina la kabila walilobandikwa. Maelezo mawili yamezoeleka. La kwanza husema kwamba uhasama wa Mwarabu na Mwafrika ulikuwapo tangu enzi za utumwa na ulingojea siku yake. La pili husema kwamba watu wa visiwani walikuwa kitu kimoja, na kwamba ni Mwingereza aliyewagawa. Maelezo yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili hayatoshi. La kwanza haliwezi kueleza ni kwa nini maelfu ya watu waliweza kubadili kabila lao katika muda wa sensa mbili. La pili huwafanya wananchi kuwa vikaragosi, ilhali Jonathon Glassman (2011) ameonesha kwa kina jinsi wasomi na waandishi wa magazeti wa visiwani wenyewe walivyoshiriki kuujenga mjadala wa asili na rangi.

Insha hii inashikilia hoja ya tatu. Umoja wa utamaduni wa Zanzibar ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa umoja wenye ngazi. Wenye juu na wenye chini waliitambua ngazi ileile, waliitaja kwa maneno yaleyale, na waliokuwa chini walijitahidi kuipanda badala ya kuikana. Ukosefu wa usawa ulibebwa na umoja huo wenyewe. Kilichobadilika chini ya ukoloni ni kwamba kila daraja la ngazi lilifungamanishwa na haki ya kisheria, kiti barazani na, hatimaye, chakula cha nyumbani.

Karafuu, ardhi na uhuru usiokamilika

Msingi wa ngazi hiyo uliwekwa mashambani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja, kilimo cha karafuu kilienea katika ardhi yenye rutuba ya magharibi na kaskazini-magharibi ya kisiwa. Abdul Sheriff (1987) ameeleza namna biashara ya pembe za ndovu, watumwa na karafuu ilivyoiunganisha Zanzibar na masoko ya dunia. Kwa wenyeji wa Unguja waliojulikana kuwa Wahadimu, matokeo yalikuwa kubanwa upande wa mashariki na kusini, katika ardhi ya maweni isiyostawisha mikarafuu. Huko waliendelea kuvua, kulima muhogo na mtama katika vishimo vya udongo kati ya mawe, na kushuka mashambani msimu wa mavuno kuchuma karafuu za wenyewe kwa malipo ya pishi.

Pemba mambo yalikwenda vingine. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba iliathirika kidogo, na tangu hapo kisiwa hicho ndicho kilichotoa sehemu kubwa ya karafuu za nchi. Jambo muhimu zaidi ni kwamba Wapemba hawakunyang'anywa ardhi kwa kiwango cha wenzao wa Unguja. Wengi walimiliki mikarafuu yao, mara nyingine michache tu, jirani na shamba la Mwarabu aliyekuwa na mingi zaidi. Baina ya wawili hao palikuwa na tofauti ya mali, lakini haikuwa tofauti ya mwenye shamba na mtu asiye na kitu. Suala hili litarejewa, kwa kuwa ndilo lililokuja kuamua kura za miaka ya 1950 na 1960.

Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa katika sheria. Haikuwa sawa na kuwaacha watumwa huru siku hiyo. Mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa kufika mbele ya mahakama na kuuomba. Bwana wake alistahili fidia. Na aliyeachwa huru ilimpasa aoneshe kwamba ana mahali pa kuishi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angeweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo kwa hoja kwamba wao ni kama wake wa ndoa. Iliwabidi wangoje hadi 1909. Inafaa kuangalia kwamba amri iliyotungwa kwa jina la utu ilimpa mwenye mali fidia, na mwenye kufanyiwa kazi ikampa masharti.

Wengi hawakwenda mahakamani. Walifanya mapatano na wenye mashamba na kubaki palepale, sasa wakiitwa maskwota. Mapatano hayo, yaliyochambuliwa na Frederick Cooper (1980), yalikuwa mepesi kuyaeleza: mkaazi alijenga kibanda na kupanda muhogo, viazi vitamu au mahindi chini ya mikarafuu, na kwa kufanya hivyo alilipalilia shamba la mwenyewe, lakini hakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa mti ungemletea haki. Mkarafuu, mnazi na mwembe vilikuwa ushahidi wa umiliki. Muhogo haukuwa ushahidi wa chochote. Mtu aliweza kuishi miaka 40 mahali pamoja, akazaa na kuzika hapo, na bado asiwe na kitu ambacho kadhi angekitambua kuwa chake.

Hata hivyo, wale walioitwa wenye mashamba hawakuwa kundi moja la matajiri. Wengi wao walikuwa wamezama katika madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ilitunga sheria za kuzuia ardhi isitoke mikononi mwa Waarabu na Waafrika. Aidha, Waarabu waliokuja karibuni kutoka Omani, waliojulikana kuwa Wamanga, walikuwa wauza duka wadogo na wachukuzi. Walidharauliwa na Waarabu wa mjini waliozaliwa visiwani. Kumhesabu Mmanga wa duka la shamba pamoja na mwenye mikarafuu elfu kwa kuwa wote ni "Waarabu" ni kosa ambalo takwimu za kikoloni zililifanya, na wanasiasa wa baadaye wakalirithi bila kulikagua.

Ng'ambo: kujivua utumwa

Waliotaka kukata kamba kabisa walikwenda mjini. Walifikia Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga na mji wa mawe. Huko, kama Laura Fair (2001) alivyoonesha katika utafiti wake wa burudani, mavazi na siasa za mji huo, watu waliotoka utumwani walijitengenezea uraia wao wenyewe kabla ya serikali yoyote kuwapa.

Walianza na vazi. Mtumwa mwanamke alivaa kaniki au kipande cha merikani, na hakuruhusiwa kujifunika kichwa mbele ya mabwana. Mtumwa mwanamume hakutakiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Kwa hiyo, kujifunika kulikuwa tamko. Wanawake wa Ng'ambo waliacha kaniki, wakavaa kanga za rangi, na kadiri karne ya 20 ilivyosonga mbele wakavaa buibui. Mtazamaji wa leo aweza kuliona buibui kuwa alama ya kufungiwa. Kwa mwanamke ambaye mama yake alikatazwa kujisitiri, lilikuwa na maana iliyo kinyume na hiyo.

Kisha jina. Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa mwimbaji aliyezaliwa Fumba kwa wazazi wenye asili ya utumwa, akapewa jina la Mtumwa binti Saad. Alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza na kuvitangaza kwa sauti yake. Alipohamia mjini na kujiunga na wapigaji taarabu, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alisafiri na kundi lake hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, wakati ambapo taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa imezoeleka kwa Kiarabu. Shaaban Robert alimwandikia wasifu uliojulikana kote katika Afrika ya Mashariki. Kwa hoja ya insha hii, jambo la kuzingatia ni kwamba Siti aliwaimbia wote wawili, mabwana katika majumba yao na wakazi wa Ng'ambo katika nyumba za udongo, na wote walimwelewa. Huo ndio umoja wa utamaduni ambao wapenzi wa Zanzibar ya zamani huukumbuka, na hawakosei kuukumbuka. Lakini msichana huyo ilimlazimu abadili jina ili asikilizwe. Jina lake la kwanza lilikuwa limemwekea daraja lake hata kabla hajafungua kinywa.

Mwisho likaja suala la kiwanja. Ardhi ya Ng'ambo ilikuwa mali ya watu binafsi au wakfu. Mkazi alimiliki nyumba lakini si kiwanja ilipojengwa. Zamani mwenye ardhi aliridhika na utii: mtumwa au mfuasi wake alikaa bure na kumfuata katika shughuli zake. Baada ya utumwa kuondolewa, utii ukageuzwa kuwa fedha, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kodi za viwanja zikapanda. Mwaka 1928 wakazi wakagoma kulipa, wakafukuzwa baadhi yao na kufikishwa mahakamani, na hatimaye serikali ikalazimika kuingilia kati kudhibiti viwango. Waliogoma walitoka katika asili nyingi: Wamanyema, Wanyasa, Wazaramo, Wahadimu, Wangazija. Mgomo huo hauonekani kuongozwa na kabila lolote. Kilichowaunganisha ni kiwanja. Ni jambo la kusikitisha kwamba wanahistoria wa siasa za vyama wameupita mgomo huo haraka, kwa kuwa unaonesha njia ambayo siasa za Zanzibar zingeweza kuifuata, na ambayo kwa muda mfupi ziliifuata.

Kalamu ya sensa

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikihesabu. Katika sensa ya 1924 watu zaidi ya 30,000 waliandikwa kuwa Waswahili. Katika ile ya 1931 walibaki wapatao 2,000. Hapakuwa na tauni wala uhamaji wa kueleza upungufu huo. Watu walikuwapo, ila jina ndilo lililohama. Katika karne ya 19 "Mswahili" aliweza kuwa muungwana wa pwani. Baada ya 1897 jina hilo likachukuliwa na watu waliotoka utumwani, nalo likaanza kunuka utumwa. Waliokuwa na njia ya kulikimbia walilikimbia. Wakawa Washirazi, au Wahadimu, au Watumbatu. Baadhi wakawa Waarabu.

Maofisa wa kikoloni waliyaona mabadiliko hayo kama udanganyifu au ujinga wa wenyeji kuhusu asili yao. Tafsiri hiyo haikubaliki. Watu hawa walijua vizuri walichokuwa wakifanya. Serikali iligawa haki kwa kufuata kabila, nao wakajibu kwa kuchagua kabila lenye haki. Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa mwaka 1926, wajumbe wasio maofisa walitoka kwa Waarabu, Wahindi na Wazungu. Mwafrika wa kwanza, Ameri Tajo, aliteuliwa mwaka 1946, yaani miaka 20 baadaye. Wangazija walitumia miaka mingi kuiandikia serikali wakidai wasihesabiwe pamoja na "wenyeji". Vyama vya kikabila viliota kila upande, kwa kuwa ofisi ya serikali haikuwa na mlango mwingine wa kuingilia. Chama cha Waafrika kiliundwa mwaka 1934, na Chama cha Washirazi kikaanzia Pemba mwaka 1939.

Halafu vita vikaleta njaa. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliokuwa ukija Zanzibar kutoka huko ulikatika, na serikali ikaanza kugawa chakula kwa kadi. Mgao ulifuata makundi ya kikabila. Waasia na Waarabu walihesabiwa kuwa walaji wa mchele, hivyo wakapewa mchele. Waafrika walihesabiwa kuwa walaji wa unga na muhogo, hivyo wakapewa unga. Mpangaji wa mgao yamkini aliona anaheshimu desturi za watu. Lakini katika visiwa hivi wali ulikuwa chakula cha Idi, cha arusi, cha mgeni na cha hitima, kwa wote. Kumwambia Mshirazi kwamba wali si chakula chake kulikuwa sawa na kumwondoa katika ustaarabu alioushiriki, na kufanya hivyo kwa muhuri wa serikali. Hapana ajabu kwamba wapo Washirazi waliojiandikisha kuwa Waarabu, na kwamba wengine waliochelewa au waliokataliwa walibaki na kinyongo.

Mgao huo ulifanya kazi ambayo hotuba zisingeweza. Kabla yake, mtu aliweza kuwa Mshirazi kwa ndugu zake, Mwarabu kwa upande wa babu na Mswahili kwa mgeni, kutegemea mazungumzo. Kadi haikuwa na nafasi ya majina matatu.

Neno "ustaarabu" na suala la kufu

Neno hilo la ustaarabu linastahili kusimamiwa kidogo. Sifa iliyotumika zaidi pwani hapo zamani ilikuwa uungwana, na kipimo chake kilikuwa kuwa mtu huru wa mji. Wakati wa utawala wa Waomani neno ustaarabu, ambalo ndani yake limo jina la Waarabu, lilishika nafasi hiyo. Badiliko hilo si la msamiati tu. Uungwana ulimwezesha mtu wa asili yoyote kudai heshima kwa mwenendo. Ustaarabu uliweka kipimo mkononi mwa kundi moja. Hata wapinzani wa Waarabu katika miaka ya 1950 waliendelea kulitumia neno hilo kusifia tabia njema, na wasomaji wa leo hulitumia bila kulihisi. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba wote waliitambua ngazi moja.

Ndoa inalionesha jambo hilo kwa namna inayouma zaidi. Mwanamume wa Kiarabu aliweza kumwoa mwanamke wa Kiafrika au kumfanya suria, na watoto wakafuata ukoo wa baba. Watoto wengi wa Sayyid Said mwenyewe walizaliwa na masuria. Kwa hiyo sehemu kubwa ya walioitwa Waarabu wa Zanzibar walikuwa wajukuu wa bibi wa Kiafrika. Lakini binti wa Kiarabu hakuozwa Mwafrika, na sababu iliyotolewa ilikuwa kufu: mwanamume hakulingana naye. Damu ilichanganyika miaka zaidi ya 100, ila mchanganyiko ulikwenda upande mmoja tu. Wanaosema kwamba Wazanzibari walikuwa ndugu kwa kuoana wanasema kweli, na aliyekataliwa posa kwa sababu ya babu yake naye alikuwa akisema kweli.

Kutoka kadi hadi kura

Majina haya yalipoingia katika uchaguzi wa kwanza, wa Julai 1957, yalikuwa yamekwisha kukomaa. Hizbu, yaani chama cha Zanzibar Nationalist Party kilichoundwa mwaka 1955, ilijinadi kuwa chama cha raia wote wa Sultani bila kujali kabila, na chimbuko lake lilikuwamo miongoni mwa wakulima wa Kiembe Samaki waliokuwa wamepambana na serikali katika Vita vya Ng'ombe vya 1951. Upande wa pili, Chama cha Waafrika na Chama cha Washirazi cha Unguja viliungana mwaka huohuo wa 1957. Waliopiga kura walikuwa wanaume pekee, wa umri wa miaka 25 na zaidi, waliotimiza masharti ya mali au kusoma. Hizbu haikupata kiti hata kimoja. Ng'ambo, palepale palipokuwa na mgomo wa viwanja, Abeid Amani Karume alimshinda Ali Muhsin.

Matokeo hayo mara nyingi husomwa kuwa ushindi wa rangi moja dhidi ya nyingine. Pemba inakataa usomaji huo. Wapemba wa Kishirazi walikuwa Waafrika katika sensa kama walivyokuwa Wahadimu, lakini hawakuwa na kumbukumbu ileile ya kupokonywa ardhi wala idadi ileile ya maskwota kati yao. Viongozi wao, Mohamed Shamte na Ali Sharif, waliojiunga na wenzao wa Unguja baada ya kura, walijitenga mwaka 1959 na kuunda chama chao, Zanzibar and Pemba People's Party, ambacho baadaye kilishirikiana na Hizbu. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote na viti 13. Hizbu na washirika wake wa Pemba wakapata viti 18 na kuunda serikali. Mpemba mwenye mikarafuu 50 alipokwenda kupiga kura hakuwa ameisahau asili yake ya Kiafrika, kama alivyolaumiwa Unguja. Alikuwa na shamba, na mpaka wa shamba lake ulipakana na wa jirani yake Mwarabu, naye aliogopa zaidi wageni wa kutoka bara waliokuja kuchuma karafuu kuliko alivyomwogopa jirani huyo.